Mtoto anasoma vizuri lakini haelewi alichosoma

Assalaam aleikum jamaa zangu,

Nawaandikia kutoka Mombasa, tumekuja likizo ya Agosti na watoto, Leicester tunarudi wiki ijayo inshallah, na kuna kitu nimekiona hapa kwa mamangu Kibokoni siwezi kunyamaza nacho maanake najua wengi wetu tunacho majumbani na hatujakishtukia.

Binti yangu ana miaka 7. Kule Uingereza wanafundishwa kuunganisha sauti za herufi tangu wadogo, na mwisho wa Year 1 (darasa la watoto wa miaka 5 na 6) wanapewa mtihani wa kusoma maneno 40, nusu yake ni maneno ya kutungwa tu yasiyo na maana, wanataka kuona kama mtoto anajua herufi. Wangu alipita vizuri. Sasa huku nikamnunulia kitabu cha hadithi cha Kiswahili, na vile Kiswahili chetu kinasomwa kama kilivyoandikwa, siku ya tatu tu ashakimaliza chote, sauti safi kama mtangazaji wa redio, mimi nimefurahi nikamrekodi nikamtumia babake.

Mamangu alikuwa kwenye mkeka anachambua mchicha. Akamwita, "Ndoo mjukuu wangu. Huyo mzee wa kitabuni alimkasirikia nani?" Kimya. "Haya, kwani mwanawe alimfanya nini?" Mtoto akanitazama mimi. Ametoka kusoma "hakumpelekea chakula" bila kukosea hata silabi moja, na hajui kwamba ndani ya neno hilo kuna mtu kalala na njaa. Kwake yeye yalikuwa kama yale maneno ya kutungwa ya mtihani. Wallahi iliniuma, maanake nyumbani tunamwambia njoo, kula, lala, vaa viatu, basi, Kiswahili chake chote kimeishia hapo.

Mamangu hakugomba. Kesho yake kaenda naye jikoni, akamwambia lete mbuzi tukune nazi. Mtoto katoka mpaka uani anatafuta mbuzi! Alivyoonyeshwa kile kibao chenye meno akacheka mpaka akakaa chini, na hilo neno halimtoki tena. Hapo ndio wakaanza: kumbi, kifuu, tui la kwanza, tui la pili, chicha. Mjomba alipoleta madafu kutoka shamba bibi akamwekea mpangilio wote, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, halafu akamuuliza, "Nikikupa koroma, utakunywa ama utakuna?" Akafikiri weee, kisha akasema, "Bibi, bado, iache iwe nazi." Hilo jibu huwezi kulitoa kama hujaelewa.

Sasa usiku wanasoma kile kitabu upya, kila ukurasa bibi anafunika kwa kiganja anauliza, "Itakuwaje sasa?" Nataka tuendelee hivi tukirudi, dakika 15 kila usiku, bibi akiwa kwenye WhatsApp. Kuna mwalimu humu anishauri?

Mama wa watoto watatu, Leicester

*

Waaleikum salaam mwanangu,

Mimi nimestaafu, niko Tudor hapa Mombasa, nilifundisha darasa la pili na la tatu miaka mingi. Ulichokiona kina maelezo yake. Mwaka 1986 Gough na Tunmer, watafiti wa mambo ya kusoma, waliandika kwamba kusoma kwa kuelewa ni kutambua maneno mara kuelewa lugha yenyewe. Ni mara, yaani kuzidisha kwa hesabu, si kujumlisha. Kimoja kikiwa sufuri jibu ni sufuri, hata kingine kiwe kizuri vipi. Mtoto wako cha kwanza anacho, bibi yake anampa cha pili, usikae ukamrudisha kwenye a e i o u.

Usimsimamishe kila neno gumu, hadithi itakufa. Chagua mawili matatu kabla hujafungua kitabu, yaseme, yatumie mezani mkila, ndipo msome. Na kitabu kile kile kirudieni, mara ya tatu ndio mtoto anaanza kuuliza mwenyewe. Halafu mwonyeshe maneno yana jamaa zake: soma, somo, msomaji, somesha. Hata "hakumpelekea" mfungulie taratibu, nani hakupeleka, nani hakupelekewa, atalipenda kama fumbo. Kiingereza chake kisikutie wasiwasi, kitu anachokijua kwa lugha moja kwa nyingine anahitaji jina lake tu.

*

Shukran sana Mwalimu, Mungu akupe afya. Nilimsomea hii ya soma na msomaji jana magharibi, akanyamaza, nikadhani hakusikia. Leo asubuhi niko namenya viazi kaja kanishika nguo, "Mama, pika na mpishi ni ndugu?" Nikamwambia ndio, ndugu wa damu, tena wana mwenzao anaitwa mapishi. Kakimbia kwenda kumwambia bibi yake.