Njegere za nazi tui linakatika kila nikipika, naomba ushauri

Habari zenu wapendwa, jamani naombeni msaada kwenye njegere za nazi. Nanunua njegere mbichi zilizomenywa nusu kilo, nachemsha na chumvi kidogo mpaka ziive, pembeni nakaanga kitunguu, karoti, hoho na nyanya 2, namimina njegere halafu nakuna nazi 1 nakamua tui, natia jepesi kwanza likikauka ndo naweka zito. Sasa hapo kwenye zito ndo shida, nikigeuka tu kuangalia wali narudi nakuta limekatika, mafuta yanaelea juu na chini kuna vichengachenga vyeupe vimeng'ang'ania kwenye njegere, ladha ipo ila ule uzito laini wa rojo hakuna kabisa. Nimejaribu kupunguza moto bado. Au ni nyanya zinakuwa chachu? Maana kuna shoga angu kasema nisiweke nyanya kabisa, niponde njegere kidogo ili rojo liwe zito lenyewe. Ijumaa nina wageni, mama mkwe yumo, na anazipenda mno hizi njegere, natamani azile zikiwa nzuri. Mnaozipatia mnafanyaje, mnakoroga muda wote au tui zito mnaweka mkishaepua?