Mafuta ya mbarika: ya kijijini, ya kemisti, au yale meusi ya duka la urembo?

Achi_Kondele (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Nina chupa tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa ya soda, sasa imejaa mafuta ya mbarika aliyoyapika shangazi yangu huko Butere, yananukia moshi. Ya pili ni ndogo, ya kemisti, mafuta yake yanaelekea manjano na hayana harufu ya maana. Ya tatu ni yale meusi wanayoyaita ya Jamaika, nimeyatoa duka la urembo mjini kwa bei inayokaribia mara tatu ya yale ya kemisti.

Shida zangu: nywele za mbele zimekatika baada ya kusuka, visigino vimepasuka, na mama mkwe anasumbuliwa na choo kigumu. Kuna pia viatu vya ngozi vya mitumba vya mume wangu, vimekauka mpaka vinalia akitembea. Rafiki yangu anasema ninunue mafuta ya nazi niachane na haya mengine. Aliyewahi kuyatumia aniambie yapi ni ya kazi gani. Habari za TikTok msiniletee, hizo nimeshazisikia zote.

Msusi_S58 (Nakuru)

Dada Achi, tuanze na nywele maana huko ndiko ninakokula.

Hayo yote matatu ni mafuta ya mbegu moja. Meusi yamekuwa meusi kwa sababu mbegu zimekaangwa sana na majivu yake yakaingia humo. Harufu ni tofauti, rangi ni tofauti, lakini kichwani sijaona kazi ambayo meusi hufanya na ya kemisti yakashindwa. Kulipa mara tatu kwa ajili ya rangi ni hiari yako.

La pili, na hapa wateja wangu hunikasirikia: hayaoteshi nywele. Yanachofanya ni kukaa juu ya unywele na kuuzuia usikauke, kwa hiyo haukatiki ovyo, na wewe ukiona urefu umebaki unasema zimeota. Mafuta ya nazi ni kinyume, hayo huingia ndani ya unywele wenyewe. Kwa hiyo mimi hupaka nazi kabla ya kuosha, mbarika baada ya kuosha, nywele zikiwa bado na unyevu. Kisumu hutaona tabu sana, lakini huku kwetu asubuhi ya Julai mafuta ya nazi yanaganda kwenye kopo, lazima uyakwangue kwa kijiko. Mbarika hayagandi hata siku moja, yanazidi tu kuwa mazito.

Kuhusu nywele za mbele, usitafute chupa, mtafute aliyekusuka. Ukitoka kwa msusi una vipele vidogo kwenye paji la uso na huwezi kulala usiku, amebana mno. Rudi afumue hiyo mistari ya mbele, hata kama umelipa. Zipumzishe, usiweke rasta nzito, usifunge kilemba cha kubana. Mbarika matone mawili matatu, uyachanganye na mafuta mepesi, uyapake kwa ncha za vidole. Usiyamwage kichwani yakiwa yenyewe. Kuna mteja aliletwa kwangu ameloweka nywele ndefu kwa mbarika tupu na kuzifunga kwa nailoni usiku kucha. Zilishikana zikawa donge moja. Hatukuweza kuzichana wala kuzifumua, ilibidi mkasi.

Dawa_Kaunta (Kisumu)

Hiyo ya donge si porojo. Madaktari wa ngozi India waliandika kisa kama hicho mwaka 2017, na nywele zilikatwa vilevile. Mafuta haya ni mazito kuliko karibu mafuta yote ya mimea unayoyajua. Takriban asilimia 90 yake ni asidi moja, risinoleiki, na ndiyo inayoyapa tabia zake zote, za nywele na za tumbo.

Sasa tumbo. Dada Achi, chupa ya shangazi isiingie kinywani mwa mama mkwe. Ya duka la urembo pia isiingie. Kama ni lazima anywe, iwe ile ya kemisti iliyoandikwa kwamba ni ya kunywa, kwa kipimo kilichoandikwa. Hufanya kazi ndani ya saa 2 hadi 6, kwa hiyo asinywe akitaka kulala, na asinywe akipanda matatu ya kwenda Siaya.

Lakini mimi nisingeanzia hapo. Muulize kwanza anatumia dawa gani nyingine. Vidonge vya madini ya chuma hufunga choo, na dawa kali za maumivu zenye kodeini hufunga zaidi. Wazee wengi pia hupunguza maji makusudi ili wasiamke usiku kwenda haja ndogo. Rekebisha hayo, ongeza mboga, papai na maharagwe, na kama bado, kuna dawa za polepole kama laktulosi ambazo hazimkamati mtu tumbo. Mbarika huamsha misuli ya utumbo kwa nguvu, ndiyo maana humwacha mtu akijikunja. Akiwa na maumivu ya tumbo yasiyoeleweka, anatapika, au kuna damu, msimpe kabisa, mpelekeni hospitali.

Na mjamzito asiguse. Ile asidi inayosukuma utumbo husukuma na mji wa mimba pia.

Mulembe_Malava (Kakamega)

Daktari ametupiga marufuku chupa ya shangazi kana kwamba ni chang'aa! Sisi tumelelewa na hayo mafuta.

Dawa_Kaunta (Kisumu)

Mimi si daktari, mzee wangu, niko tu kaunta. Na sijasema ni mabaya. Nimesema yasinywewe.

Mulembe_Malava (Kakamega)

Sawa. Basi wacha niwaeleze yanavyopikwa, kwa sababu wengi wanaoyauza barabarani hawajui.

Kukhu, yaani bibi yangu, alikuwa akianika maganda ya mbarika juani mpaka yapasuke yenyewe, mbegu ziruke. Hiyo sauti ya kupasuka tuliisikia tukiwa ndani ya nyumba. Zile mbegu zenye madoadoa anazibambua, anazikaanga kidogo kwenye chungu, si mpaka ziungue, halafu kinuni. Zikishatwangwa zinakuwa uji mzito unaong'aa. Huo uji unatiwa kwenye maji mengi, moto wa wastani, muda mrefu. Mafuta yanapanda juu. Anayaenga kwa kata, polepole, bila kugusa masimbi, yale makapi yaliyo chini. Kisha, na hapa ndipo wavivu wanaposhindwa, anayarudisha motoni peke yake kwenye sufuria ndogo. Mwanzoni yanalia, tss tss, ni maji yanatoka. Yakinyamaza, ameepua. Yaliyoepuliwa yakiwa bado yanalia huchacha haraka, yananuka.

Masimbi alikuwa anafukia shimo refu nyuma ya shamba la ndizi. Kuku wasifike, mbuzi wasifike, sisi watoto ndiyo kabisa.

Dawa_Kaunta (Kisumu)

Kukhu alikuwa anajua. Sumu ya mbegu hiyo, risini, haiyeyuki katika mafuta, inabaki kwenye masimbi, na kuchemsha muda mrefu huivunja. Ndiyo maana mafuta yaliyoengwa vizuri na kupikwa mara ya pili ni salama kupaka. Tatizo langu na kunywa ni kwamba mimi na wewe hatujui kama masimbi kidogo yameingia chupani au la, na nyumbani hakuna njia ya kuyapima. Wenye watoto: mbegu hizo ni nzuri za kuchezea, zinang'aa, na mti unajiotea kando ya kila njia. Mtoto akizitafuna, twende hospitali hapohapo, msingoje atapike.

Baba_Zawadi (Kisii)

Mbona hamjataja la muhimu? Unaweka matone kwenye kitovu usiku na unafunga kitambaa chenye mbarika tumboni. Linasafisha ini, linayeyusha uvimbe wa kizazi. Dada yangu anafanya.

Dawa_Kaunta (Kisumu)

Kitovu cha mtu mzima hakina mrija wa kwenda kwenye ini wala kizazi, ndugu. Ukipaka hapo, umepaka ngozi ya hapo. Kitambaa cha moto kinapunguza maumivu ya tumbo la mwezi kwa sababu ni cha moto, hata kikiwa na maji matupu. Uvimbe wa kizazi hauyeyuki kwa mafuta ya kupaka. Dada yako akapigwe picha ya ultrasaundi, hasa kama anatokwa na damu nyingi. Na kitovu cha mtoto mchanga ndicho kisiguswe kabisa na mafuta yoyote; kipakwe dawa mliyopewa kliniki.

Baba_Zawadi (Kisii)

Kila mtu na imani yake.

Fundi_FreeArea (Nakuru)

Nyie mmehangaika na matumbo, viatu vya watu vinalia! Dada Achi, chupa ya shangazi ndiyo ya viatu. Harufu ya moshi haina shida kwa kiatu.

Futa vumbi kwanza, kwa kitambaa chenye unyevu, uache pakauke. Pasha mafuta kidogo kwa kuiweka chupa kwenye maji ya moto ili yawe mepesi. Paka kwa kitambaa cha pamba, kidogo sana, ukisugua hasa pale kiatu kinapojikunja. Weka kivulini hadi kesho. Kesho pangusa yaliyobaki juu, ndipo upake rangi na polishi. Ukimwaga mengi polishi haishiki na kiatu kinabeba vumbi lote la Nakuru. Ngozi ya rangi hafifu itakuwa nyeusi kidogo, ujue mapema. Viatu vya suede, acha kabisa. Mafuta ya kupikia usijaribu, hayo baadaye yanachacha ndani ya ngozi. Mbarika hukaa muda mrefu.

Kazi nyingine ni mipira ya milango ya gari. Grisi na oili ya gari hufurisha mpira wa asili, mbarika haiufanyi kitu. Ndege za vita ya 1914 zililainishwa injini kwa mafuta haya, na jina la Castrol limetoka humohumo. Mimi bado huyatia kwenye bawaba za mlango wa banda langu, yanakaa, hayadondoki.

Mkulima_Njoro (Nakuru)

Nauliza tu, kuna aliyefukuza fuko kwa mbarika? Yule mnyama amemaliza viazi vyangu. Naona Marekani wanauza dawa ya kufukuza fuko yenye mafuta haya.

Fundi_FreeArea (Nakuru)

Yule wa Marekani ni mnyama mwingine, anakula minyoo na wadudu. Wa kwetu anakula viazi. Mimi ningetafuta mtegaji.

Achi_Kondele (Kisumu)

Asanteni sana. Mama mkwe kumbe anameza vidonge vya damu, hivyo vya madini ya chuma, tangu alipolazwa, na hakuna aliyeniambia. Kesho tunarudi kliniki na vidonge mkononi.

Ila nina swali jingine. Yale meusi nimeanza kuyashuku. Ni mepesi, yanamwagika kama maji kuliko ya kemisti. Yanaweza kuwa yamechanganywa?

Dawa_Kaunta (Kisumu)

Kuna njia rahisi. Mbarika ni tofauti na mafuta mengi ya mimea, yanayeyuka katika spiriti kali. Chukua chupa ndogo ya kioo, tia kipimo kimoja cha mafuta na vipimo vitatu vya spiriti ya kuwashia, ile ya zambarau. Mbali na moto na jiko, tafadhali. Funga, tikisa, acha yatulie. Yakiwa safi yanakuwa kitu kimoja. Yakiwa na mafuta ya kupikia ndani, yanakuwa na ukungu, na baadaye unaona tabaka la mafuta chini. Usitumie spiriti ya vidonda, ina maji mengi, itakudanganya hata mafuta yakiwa halali.

Achi_Kondele (Kisumu)

Nimejaribu zote tatu. Ya kemisti imeyeyuka. Ya shangazi imeyeyuka, ila kuna vumbi jeusi limetua chini, nadhani ni masizi. Ile ya bei kali ina tabaka la manjano chini, karibu kidole kizima. Narudi dukani na chupa na risiti.

Mulembe_Malava (Kakamega)

Hahaha! Shangazi wa Butere juu.

Achi_Kondele (Kisumu)

Ameshapigiwa simu, anacheka mpaka sasa. Msusi, la mwisho: nimepaka ya kemisti jana, foronya imelowa mafuta na kichwa hakitakati kwa shampuu. Nafanyaje?

Msusi_S58 (Nakuru)

Umeanza na maji, ndiyo maana. Paka kwanza kondishena kwenye nywele kavu, nyingi, sugua ngozi ya kichwa taratibu, uiache kidogo, kisha suuza kwa maji ya vuguvugu ndipo shampuu. Na visigino usivisahau: sugua kwa jiwe baada ya kuoga, mbarika ukichanganya na vaselini, soksi, ulale. Foronya ipake sabuni ya kuoshea vyombo kabla hujailoweka.