Ndoano za mbele za Land Cruiser mkonga: nifunge mwenyewe nyumbani au fundi achomelee nondo?

Mpunga wa Bahi

Mbukwenyi wakuu. Nina Land Cruiser mkonga, pick-up, niliyoipata kwenye mnada wa magari ya mradi uliofungwa. Ilikuja bila ngao na bila ndoano za kuvutia mbele. Aliyeivua alivua kila kilichofunguka, hadi kifuniko cha tangi la mafuta.

Sikujali, mpaka Februari nilipoingia Chipanga na mifuko 20 ya mbolea. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, gari likalala kwenye ule udongo mweusi hadi ekseli. Vijana wakafunga mnyororo kwenye tairodi, kile chuma cha usukani kinachogeuza magurudumu ya mbele, kwa sababu ndiyo waliyoiona kwanza. Trekta likavuta, gari likatoka, na tairodi ikatoka imepinda kama upinde wa Mgogo. Nikarudi Dodoma usukani ukitazama Kondoa huku gari likienda mjini.

Sasa mvua hazijashika, nataka hili liishe kabla ya Desemba. Nimenunua ndoano mbili nene zenye kilimi cha springi, zimeandikwa 10,000 LB. Chini ya ncha za chasisi kuna matundu mawili kila upande, yana nyuzi za bolti ndani, na rangi pale imeacha kivuli cha kitu kilichokuwepo. Ya kushoto yamejaa kutu. Bolti za 12 nilizopewa dukani zinaingia mizunguko miwili halafu zinakwama, hata upande usio na kutu.

Fundi wangu pale Kizota anasema niachane na bolti. Atakunja nondo ya 16 kama U aichomelee kwenye bampa, nusu saa kazi imekwisha. Bei yake ni chini ya bei ya bolti zangu, na hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Nina jeki, spana za boksi na mafuta ya kulainisha kutu. Spana ya kupimia ukazaji sina. Nifanyeje?

Grisi Mkononi

Kaka, usiikaze tena hiyo bolti hata robo mzunguko, utaua nyuzi za chasisi. Dukani wamekupa nyuzi nene. Bolti ya milimita 12 ya kawaida ina hatua, yaani umbali wa uzi mmoja hadi unaofuata, ya milimita 1.75, Toyota kwenye chasisi hutumia nyuzi laini, hatua ya 1.25. Zote ni "za 12" kwa muuzaji. Chukua rula, hesabu nyuzi kumi: zikichukua milimita 12.5 ndizo zenyewe, zikifika 17.5 mrudishie.

Ukiwa hapo dukani tazama na kichwa cha bolti. Unataka namba 10.9 imegongwa juu. Namba ya kwanza ni nguvu ya kukatika, 10 maana yake megapaskali 1000 (kipimo cha nguvu kwa eneo). Ya pili inasema bolti itaanza kutanuka na kutorudi ikifika asilimia 90 ya hiyo. Ya 8.8 ni 800 na asilimia 80. Kichwa kikiwa kitupu, hiyo ni ya kufungia kitanda.

Matundu yenye kutu: mwagia dizeli jioni, asubuhi mwagia tena, kisha pitisha tepu ya 12 kwa 1.25, kile chuma cha kukatia nyuzi, kwa mkono. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, uchafu utoke. Usitumie drili.

Kuhusu nondo: hata akichomelea vizuri kuliko mafundi wote wa mkoa, bampa lenyewe limeshikwa na nini? Bolti ndogo nne. Trekta litaondoka na bampa, nondo ikiwa bado imeshika vizuri sana. Na hizo ndoano zako usiruhusu mtu azichomelee popote. Zimepitishwa kwenye moto kiwandani kwa kipimo, moto wa pili unazilainisha au unazifanya zikatike kama kigae.

Nkuhungu One

Mimi nimechomelea nondo tangu 2021 na navuta tu. Mnatishana.

Grisi Mkononi

Unavuta wewe au unavutwa? Na umekwama wapi, lami?

Nkuhungu One

Basi yaishe.

Mpunga wa Bahi

Ahsanteni. Mwanangu Grisi, mimi si kaka, ni bibi wa wajukuu watatu, ila endelea tu. Rula imesema 17.5. Muuzaji amekubali kunibadilishia, baada ya kumsomesha. Sasa nikaze kiasi gani bila ile spana ya kupimia?

Grisi Mkononi

Shikamoo bibi, nisamehe. Jina lako halikunionyesha.

Kama unanunua mpunga, kwa hilo jina lako, una mizani ya kuning'iniza? Ile ya mshale. Basi una kipimo. Chukua mpini wa boksi, uongeze bomba mpaka kutoka katikati ya bolti hadi unaposhika iwe sentimita 50 kamili. Ning'iniza ndoano ya mizani hapo, vuta taratibu kwa pembe ya mraba na mpini. Mshale ukisoma kilo 22, umefika karibu na nyutoni mita 108 (ndicho kipimo cha ukazaji), zinamtosha huyo 10.9 wa 12 aliyepakwa mafuta kidogo. Usijali kama bolti inaingia kutoka chini au ubavuni, mizani inavutwa upande wowote, ila kabla ya kuanza hakikisha mshale unasoma sifuri ukiwa umeilaza hivyohivyo.

Weka washa nene, kile kipete bapa, chini ya kichwa cha bolti. Zikikaza, chora mstari wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye ndoano. Kila ukitoka kuvutwa, chungulia. Mstari ukivunjika, bolti imezunguka.

Dereva wa Itigi

Shikamoo mama. Kazi ya bolti wameshasema, mimi naongeza ya siku yenyewe, maana watu hufunga ndoano nzuri halafu wakauana nazo.

Usivutwe kwa ndoano moja. Pitisha mkanda kwenye zote mbili, mvutaji ashike katikati. Lakini mkanda uwe mrefu. Pembe ya pale katikati ikiwa digrii 60, kila ndoano inabeba asilimia 58 ya mvuto. Ukifunga mfupi pembe ikafika 120, kila moja inabeba mvuto mzima kana kwamba iko peke yake, na zaidi ya hapo chasisi zinavutwa kuja ndani. Mita tatu na kuendelea, hutakosea.

Mnyororo na trekta: avute polepole, asirudi nyuma akachomoka kwa kasi. Mnyororo hautanuki, ule mshtuko wote unaingia kwenye bolti zako. Kuchomoka kwa kasi ni kwa mkanda wa nailoni unaotanuka. Tupia gunia lililoloa katikati ya mnyororo, ukikatika gunia linaushusha chini. Na watoto wa Chipanga wote, nawajua, wanapenda kusimama kando kutazama. Waende mbali kuliko urefu wa mnyororo, tena nusu yake zaidi.

Halafu chimbeni. Ule udongo unanyonya. Gari tupu la tani mbili likizama hadi ekseli linaweza kudai mvuto mkubwa kuliko uzito wake. Nusu saa ya jembe mbele ya matairi inapunguza kuliko trekta la pili.

Harrier ya Area C

Naomba nidandie. Mimi nina RAV4, mbele kuna kifuniko kidogo kwenye bampa na lile pete la kuskrubu liko na jeki. Linafaa?

Dereva wa Itigi

Kuvutwa barabarani injini ikifa, ndiyo. Kuchomolewa topeni kwa mshtuko, hapana. Jina lako linasema Harrier lakini.

Harrier ya Area C

Niliiuza.

Mpunga wa Bahi

Nimerudi. Upande wa kulia umekubali: bolti mbili, kilo 22 kila moja, mjukuu akisoma mshale mimi nikivuta. Alidhani tunapima gari.

Kushoto, tundu la mbele limekaa vizuri. La nyuma, bolti inazunguka tu. Nahisi nati iliyo ndani ya chasisi imebanduka kwa kutu, inazunguka nayo.

Grisi Mkononi

Ndivyo. Usivutwe na huo upande kwa bolti moja. Vua bampa, utaona mdomo wa chasisi uko wazi. Kata bamba la milimita 6 linalopita humo, lichomelewe nati ya 12 kwa 1.25 ya daraja la 10 huku likiwa mezani, nje ya gari. Toa ile iliyobanduka, lisukume bamba ndani hadi tundu likutane na nati, kisha kaza kutoka chini. Bamba likiwa refu kufikia na tundu la mbele, toboa hapo pia lisizunguke.

Mpunga wa Bahi

Kwa hiyo narudi kwa fundi wa Kizota kuchomelea.

Grisi Mkononi

Mezani, bibi. Gari lisimkaribie fundi, nondo isimkaribie.

Mpunga wa Bahi

Nimempelekea bamba na nati saa kumi. Ameuliza U iko wapi.