MREJESHO: Mtungi wa gesi wa ruzuku nimepata

Wakuu nimerudi, ni yule mama ntilie niliyeuliza namna ya kupata ile mitungi ya gesi ya kilo 6 ya REA (Wakala wa Nishati Vijijini), ambayo serikali ililipia nusu ya bei. Asanteni sana. Aliyesema niende na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) ndo kaniokoa, ila wakala wa gesi wa kwanza alikuwa kamaliza mzigo ikabidi nizunguke siku mbili, wa pili nikapata na jiko lake. Chai, chapati, mboga safi kabisa, sufuria hazina masizi. Maharage sasa! Wiki ya kwanza yamekula gesi yote. Nimefuata ushauri wa kuloweka usiku, imesaidia kiasi, lakini makande bado napikia mkaa jamani. Kujaza tena hakuna ruzuku, najilipia mwenyewe.