Mjadala: Watoto wa Kaizari Hui walikuwa damu ya Liu, au walisingiziwa?

Mleta mada: Wakuu, habari hii ya nasaba ya Han ya China, iliyotawaliwa na ukoo wa Liu, inanikereketa. Kaizari Hui alifariki 188 KK. Mama yake, Lü Zhi, akakalisha mtoto aliyeitwa mwana wa Hui kwenye kiti cha enzi na yeye akashika nchi. Mtoto alipopata fununu kuwa mama yake mzazi aliuawa, akaropoka kwamba akikua atalipa kisasi. Akafungiwa, akauawa 184 KK. Akawekwa mwingine, Liu Hong. Lü Zhi alipokufa 180 KK, wakubwa wa serikali Chen Ping na Zhou Bo wakaufyeka ukoo wa Lü, ndipo ikatangazwa: Liu Hong na ndugu zake si wana wa Hui. Wakauawa wote. Mimi nasema walisingiziwa.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, punguza kasi. Yule wa kwanza alipachikwa kweli. Malkia Zhang Yan hakuwa na mtoto, akajifanya mjamzito, akaletewa mtoto wa mwanamke mwingine wa kasri, mama wa mtoto akauawa. (Zhang Yan mwenyewe ni binti wa dada yake Hui! Tuyaache hayo.) Kasri la namna hiyo utaamini lipi?

Mleta mada: Aliyebadilishwa ni mama, baba je? Wanawake wale walikuwa wa kaizari. Tena mwanahistoria Sima Qian ameandika walichonong'onezana wakubwa: watoto hawa wakikua wakashika madaraka, hatabaki mtu kwetu. Hata mfalme wa Qi, mjukuu halali wa Liu Bang, baba yake Hui na mwanzilishi wa nasaba, walimkataa kwa kuwaogopa wajomba zake. Wakamchukua Liu Heng, mwana mwingine wa Liu Bang, kwa kuwa mama yake na ukoo wa mama yake ni wapole. Hapo nasaba iko wapi?

Mchangiaji wa pili: Lakini huyo Liu Heng ndiye Kaizari Wen. Mwaka 167 KK alifuta kodi ya mashamba na adhabu za kukata pua na miguu. Mtoto angebaki, tungepata Lü mwingine nyuma ya pazia.

Mleta mada: Ya 167 wangeyajuaje mwaka 180?

Mchangiaji wa tatu: Nyie bishaneni, mimi nimekwama kwa mwendesha gari. Mwaka 205 KK Liu Bang anakimbia kipigo cha vitani Pengcheng, anawasukuma wanawe nje ya gari, Hui na dada yake, ili farasi wapate mbio. Xiahou Ying, mwendesha gari wake, anashuka kuwaokota. Anasukuma tena, anaokota tena. Miaka 25 baadaye ni Xiahou Ying huyohuyo aliyeita gari akampakia Liu Hong. Mtoto akauliza anapelekwa wapi. Akajibiwa: unatoka kwenda malazini. Usiku uleule akauawa.

Mchangiaji wa kwanza: Basi hiyo inanisaidia mimi. Aliyemwokota Hui barabarani asingempakia mwanawe kwenda kuuawa.

Mchangiaji wa tatu: Au alikuwa mzee aliyeona Lü wamechinjwa wote, akajua zamu inayofuata ni ya nani.