Waliopunguza nyuzi ndani, raha ya kufuma ikarudi: tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, leo nimevuta maboksi chini ya kitanda, nimehesabu mabonge 63 ya uzi. Kila nikipita Kariakoo narudi na rangi mpya, lakini tangu 2021 sijamaliza hata kitambaa kimoja cha kochi. Nikishika sindano tu, macho yanaruka rangi hii na ile, hamu inakata. Aliyewahi kupunguza, ilikuwaje?

Mfumaji wa Tukuyu
Tuko wengi. Mimi sandarusi mbili.

Mama Pacha
Umenikumbusha mbali. Mimi nililimbikiza miaka minane. Masika moja bati likavuja, tukahamisha vitu usiku. Kuinua boksi la chini, panya amezalia humo: vitoto vitano, vyekundu, macho hayajafumbuka, vimelala ndani ya kisweta cha njano nilichokuwa naifumia mimba yangu ya kwanza. Ilitoka. Mkono mmoja wa kisweta ulikuwa haujafumwa.

Nilikuwa nanunua uzi nisije nikakifikia kile kisweta. Kulipokucha nikawapa mabinti wanaojifunza ufundi jirani kila bonge lililokuwa zima, nikabaki na mawili ya njano. Kisweta nikakifua mara tatu, nikaufuma ule mkono. Sikuwa nimefuma kwa utulivu vile tangu usichana.

Mshona Kofia
Pole sana dada yangu. Mie huku Unguja ni kitambaa cheupe, sindano na uzi, basi. Kofia moja yanila miezi na siichoki.

Jembe Mbagala
Pole mama. Ila kugawa bure sikubali. Uza, uzi ni pesa.

Mfumaji wa Tukuyu
Mtu kaeleza msiba, wewe unaleta bei?

Jembe Mbagala
Namjibu mleta mada, si yeye.

Brashi
Kwenye kuchora ni vilevile. Edward Tingatinga alianza Dar mwaka 1968 na rangi za baiskeli juu ya hadibodi. Mimi nilikuwa na makopo 40, sichori. Nimebaki na nyekundu, nyeusi na nyeupe, sasa nachora kila jioni.

Bibi Sindano
Maboksi mpe shemeji afungie mwezi mzima. Usichokiulizia, toa. Nyeusi usitoe kamwe!

Mleta mada
Mama Pacha, nimekusoma mara mbili, nimelia. Nimeshatenga 40. Jembe, siuzi.

Jembe Mbagala
Sawa. Ya bluu ipo? Binti yangu ndiyo anaanza kujifunza.