Naombeni ushauri: GPS ya ndege KLN 90B, nirudishe hali ya LEG wakati gani?

Wakuu, habari za kazi. Niko Marekani nasomea kuruka kwa vyombo (kuongoza ndege kwa vipimo vya ndani, bila kuona nje), na ndege tunayotumia ni Cessna yenye GPS ya zamani, KLN 90B. Haina WAAS (mfumo wa satelaiti unaosahihisha GPS), kwa hiyo LPV (mwongozo wa kutua wenye kimo pia) sahau. Tunashuka kwa viwango vya LNAV tu (mwongozo wa kushoto na kulia, bila kimo).

Ndani ya maili 30 kutoka uwanjani, kifaa kinajiandaa chenyewe kwa aprochi (njia ya kushuka kuelekea kutua), na kipimo cha mshale (umbali kutoka kozi unaoufikisha mshale mwisho) kinashuka polepole kutoka maili 5 hadi 1. Hapo sina shida. Kinachoninyima usingizi ni aprochi zenye kona ya kugeuza (procedure turn, ndege inageuka kurudi uelekeo wa kutua). Lazima niweke hali ya OBS ili GPS isiruke kwenda kituo kinachofuata, nipange kozi kwa mkono, kisha nirudishe LEG (hali ya kufuata vituo kwa zamu) kabla sijafika maili 2 kutoka FAF (kituo cha kuanzia sehemu ya mwisho ya aprochi). Nikichelewa, kipimo hakishuki hadi 0.3 na aprochi imekufa.

Mwalimu mmoja anataka nirudishe nikiwa bado kwenye kona, mwingine anasema mpaka mshale ukae katikati. Mliorusha kifaa hiki mawinguni, nyie mnafanyaje?